Kumtoa Liyongo Utenzini na Kumtia Kwenye Komiki: Mwongozo Kamili kwa Mchoraji wa Lamu

Toleo la 83 la jarida la Journey into Mystery, la Agosti 1962, lilikuwa na shujaa mpya jaladani. Upya wake ulikuwa wa mavazi tu. Thor alikuwa mungu wa radi wa watu wa Skandinavia kabla Marekani haijajulikana kwa jina hilo, na Snorri Sturluson wa Iceland alikwisha kuziandika habari zake kwenye miaka ya 1220. Stan Lee, nduguye Larry Lieber na mchoraji Jack Kirby walimchukua mungu huyo mkongwe, wakamnyoa ndevu, wakampa kazi ya mchana, wakamwachia mjini. Hadi leo bado analisha watu.

Huku kwetu tuna Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani. Kila mtoto wa Lamu, Pate na Kipini amewahi kusikia habari za sindano ya shaba, lakini nenda shuleni uwaambie watoto wachore shujaa: utaletewa kumi wenye nyundo na mmoja mwenye upinde, tena huyo mmoja ni kwa kuwa babake ni mwalimu wa Kiswahili. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kubadilisha hesabu hiyo. Huhitaji kompyuta. Penseli, kalamu ya wino mweusi, rula, karatasi za A4 na simu yenye kamera vinatosha.

Hatua ya 1: Soma asili kabla ya kuchora hata pua

Wengi hukosea hapa. Wanamjua Thor wa sinema, wanamjua Liyongo wa mtihani, basi wanaanza kuchora misuli.

Thor wa asili ana ndevu nyekundu. Husafiri kwa gari la kukokotwa na mabeberu wawili. Usiku huwachinja akawala, asubuhi huinyanyua nyundo juu ya ngozi zao wakafufuka. Nyundo yenyewe ina mpini mfupi, na ufupi huo una sababu: ilipokuwa ikifuliwa, Loki, mwenye hila nyingi, alijigeuza nzi akamuuma kope aliyekuwa akivukuta, kazi ikaharibika kidogo. Kuishika vizuri Thor anahitaji glavu za chuma na mshipi wa nguvu. Siku jitu Thrym alipoiiba nyundo hiyo, Thor alivishwa nguo za bibi harusi akapelekwa kuolewa ili aipate. Na mwisho wake unajulikana tangu mwanzo: siku ya maangamizi atamuua nyoka mkubwa wa baharini, atapiga hatua tisa, ataanguka kwa sumu.

Sasa weka Liyongo kando yake. Utenzi tunaoutegemea zaidi uliandikwa mwaka 1913 na Muhammad Kijumwa wa hapa hapa Lamu, mtunzi ambaye pia alikuwa mchonga mbao na mwandishi wa hati nzuri. (Ukipita mbele ya milango ya zamani, kumbuka kwamba aliyetuhifadhia shujaa huyu alikuwa fundi wa mikono kama wewe unayetaka kuchora.) Liyongo ni mrefu mno, mpana, na mshairi. Pumzi yake hupasua panda, yaani baragumu. Ndani ya mkoba wake hutoa kinu na mchi, mawe ya kusagia, vyungu na mafiga, yaani jiko zima. Sultani wa Pate alimwogopa asije akamnyang'anya ufalme, akapanga auawe. Liyongo na wenzake wakaambiwa wakwee mikoma (miti jamii ya mitende) kwa zamu, yeye akiwa juu apigwe mishale. Liyongo hakukwea, aliziangusha koma, matunda yake, kwa mishale yake mwenyewe akiwa chini. Akafungwa. Mamake alimwokea mkate wa wishwa (pumba za nafaka) wenye tupa ya kukatia chuma ndani, kijakazi Saada akaupeleka; walinzi walikuwa wamezoea kupora mikate mizuri, ule wa wishwa wakauacha. Akaomba ngoma ya gungu, na kelele za ngoma zikafunika sauti ya tupa ikikata pingu.

Soma matoleo mawili au matatu kama utayapata, maana wazee wa Kipini hawasimulii sawasawa na wa Siyu. Andika kila jambo kwenye kipande chake cha karatasi: kifaa, jamaa, udhaifu, kichekesho, kifo. Vipande hivyo ndivyo akiba yako.

Hatua ya 2: Amua kipi kibaki

Waliomfufua Thor walitupa mengi: ndevu, mabeberu, glavu. Kitu kimoja walikivuta karibu zaidi kuliko asili yake, nacho ni udugu. Katika masimulizi ya kale Loki amekula kiapo cha damu na Odin, babake Thor. Si nduguye Thor. Kwenye komiki akafanywa ndugu wa kulelewa pamoja. Uadui ukaingia nyumbani, na hadithi ikapata injini ya miaka sitini.

Wewe huna haja ya kubuni hilo, limo tayari. Liyongo hakuuawa na jeshi. Mwanawe aliahidiwa cheo na binti wa sultani, akamwendea babake kumuuliza ni kitu gani kinachoweza kumuua. Babake alijua wazi ametumwa. Akamjibu hata hivyo: sindano ya shaba, kitovuni. Kijana akangoja babake alale.

Nguvu zichezee utakavyo. Mfanye arushe mshale kutoka Shela hadi Manda, mwongeze kimo, mpunguze. Mama, mwana, Saada na sindano usiviguse. Nimeona michoro ya vijana ambayo Liyongo ndani yake anapaa angani na kutoa moto machoni, hana mama wala mwana. Huyo si Liyongo. Ni yule yule wa sinema, amevishwa kikoi.

Suala la kifo litakujia mapema. Je, toleo la kwanza lifike kwenye sindano? Ushauri wangu: hapana, lakini sindano ionekane. Iweke ukurasa wa tatu kwenye kikapu cha mshonaji, ukurasa wa kumi kwenye meza ya adui. Anayejua kisa atashtuka, na asiyejua atauliza nyumbani.

Hatua ya 3: Tunga kanuni ya nguvu

Thor wa 1962 alikuwa daktari mmoja kilema, Donald Blake, aliyeokota fimbo kwenye pango huko Norway. Akiigonga chini, fimbo inakuwa nyundo na yeye anakuwa Thor. Ila nyundo ikimtoka mkononi kwa sekunde 60, anarudi kuwa Blake. Tazama jinsi sekunde hizo zinavyofanya kazi: kila mara anapoirusha nyundo, msomaji anahesabu.

Liyongo naye apewe kanuni, tena itoke ndani ya kisa chake. Mimi ningetumia panda. Mchana ni mtu wa kawaida. Akipuliza panda, kimo chake cha kale kinarudi. Lakini pumzi yake hupasua panda, basi mpe panda tatu tu kwa kila kisa. Ikipasuka ya tatu, amebaki na akili yake na mashairi yake. Hapo umempa mchoraji kazi nzuri (panda iliyopasuka huchorwa kwa mistari minne), na umempa msomaji cha kuhesabu.

Andika kanuni yako kwa sentensi moja. Ikikushinda kuiandika kwa sentensi moja, watoto hawataielewa, na watoto ndio watakaokukosoa bila huruma: "Mbona juzi alipuliza mara nne?"

Hatua ya 4: Mpe mtaa na kazi ya mchana

Lamu ina tatizo zuri kwa mchoraji. Mashujaa wa Marekani wamezaliwa kwenye majengo marefu na barabara pana. Vichochoro vyetu, punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja lazima arudi nyuma. Jitu litapita wapi? Atainama chini ya kila wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro. Bega lake litakwaruza ukuta wa matumbawe pande zote mbili. Ndiyo maana kanuni ya panda inafaa: akikua kichochoroni, amekwama. Itambidi akimbilie kwanza uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, au kwenye gati, au ufukwe wa Shela. Mji wenyewe unakuwa sehemu ya pambano, jambo ambalo huwezi kulipata ukichora mji wa kubuni.

Tembea na simu upige picha za marejeo: daka (ukumbi wa mlangoni) lenye baraza pande mbili, zidaka (vishubaka) za ukutani, milango ya kuchonga, jahazi zikikarabatiwa Matondoni. Nenda makumbusho uitazame siwa, baragumu kubwa la kifalme, ya pembe ya Pate na ile ya shaba ya Lamu. Panda la komiki yako likope umbo huko. Usipige picha za watu bila kuomba, hasa kina mama.

Kazi ya mchana iwe inayompitisha kila mahali: mchukuzi wa mizigo gatini, nahodha wa mashua ya abiria, fundi wa jahazi. Mchukuzi ananivutia zaidi, kwa sababu ya mkoba. Mtu anayebeba mizigo ya wengine kutwa, na begani ana mkoba ambao hakuna anayejua una nini, hashukiwi. Siku njaa inapoingia kisiwani kwa kuwa bahari imechafuka na mashua hazivuki, anatoa kinu, vyungu na mafiga. Kisa hicho hakina ngumi hata moja, na huenda kikawa bora kuliko vyote.

Mavazi: kikoi kilichofungwa vizuri, fulana, kofia ya vito anapokuwa Liyongo. Mtandio wa mgongoni kama wa mashujaa wa Marekani uache. Upepo wa kusi utamfunika nao uso.

Hatua ya 5: Mambo ya dini na wazee, mapema

Thor ni mungu kwenye imani ya kale ya watu wake, na wachoraji wa Marekani hawakuona shida kumwita hivyo. Lamu ni mji wa misikiti. Mzee akisikia unachora "mungu shujaa" hatafungua hata ukurasa wa kwanza, na ana haki yake. Hapa Liyongo anakuokoa: ni binadamu, ana mama, analala, anakufa. Usimpe sifa za kujua ghaibu wala kufufua wafu. Usiigeuze misikiti kuwa uwanja wa mapigano. Majini waache kabisa kwenye toleo la kwanza, maana wataingia wakiwa wengi na hutawatoa.

Wapo pia wasiopenda michoro ya viumbe hai kabisa. Usibishane. Mwendee mzee anayekifahamu kisa, kwa heshima, "Shikamoo mzee, naomba unisikilize," umsomee hadithi kabla ya kumwonyesha picha. Mara nyingi atakusahihisha jambo la maana, kama jina la ngoma au namna ya kufunga upinde, na tayari amekuwa wako.

Saada ni kijakazi katika utenzi, yaani mtumwa. Usilifiche hilo na usilifanyie mzaha. Familia za pwani bado zinaishi na historia hiyo. Kwenye komiki ya leo anaweza kuwa msichana wa shule anayeuza mahamri asubuhi. Na kama unatafuta mrithi wa panda, usiangalie mbali. Mwaka 2014 komiki za Marekani zilimpa nyundo ya Thor mwanamke, Jane Foster. Saada amebeba tupa karne nzima bila malipo.

Hatua ya 6: Adui mwenye sababu

Sultani wa kale aliogopa kupoteza kiti. Adui wako naye awe na kitu cha kupoteza. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na ardhi yake ina wanaoimezea mate. Bwenyenye anayetaka kufyeka mikoko ajenge anaeleweka hapa bila maelezo. Asiwe mtu halisi, wala asifanane naye kwa sura au jina, hata kwa utani: mji ni mdogo. Mpe adui mstari mmoja ambao msomaji atakubaliana nao. "Vijana wenu hawana kazi. Mimi nitawapa." Hapo ndipo mwana wa Liyongo anapoanza kuyumba, na wewe hujatumia ukurasa mzima kueleza kwa nini.

Hatua ya 7: Andika skripti

Kurasa 16 zinatosha. Usichore kabla hujaandika kila fremu. Ukurasa mmoja wa skripti unaweza kuwa hivi:

Ukurasa wa 7, fremu tano.
Fremu 1, pana: Usiku. Kontena la chuma nyuma ya yadi ya mbao. Mbali, taa za harusi.
Fremu 2: Saada na sinia kichwani. Mlinzi: "Ewe, ndoo hapa. Wabebani?" Saada: "Chakula cha mfungwa."
Fremu 3: Mlinzi amelikumbatia bakuli la biriani. "Hii yatutosha sisi. Huo wa wishwa mpelekee mwenyewe."
Fremu 4: Mikono gizani imevunja mkate. Ncha ya tupa.
Fremu 5, pana: Nje wanacheza kirumbizi, ngoma ya fimbo, herufi kubwa: TA! TA! TA! Ndani ya kontena, herufi ndogo kabisa: kwaru, kwaru, kwaru.

Maneno ya kila kiputo yasizidi ishirini. Sauti tumia zetu: anayeanguka majini ni chubwi, mchangani tifu, kijiti kikivunjika ni kacha. Msimulizi aongee Kiswahili sanifu, wahusika waongee Kiamu cha kawaida, lahaja ya Lamu ("ndoo" ya mlinzi ni "njoo"). Msomaji wa Nairobi atafuata kwa picha. Ila usikoleze Kiamu mpaka kiwe cha kuigiza. Mpe bibi yako asome kwa sauti. Akicheka mahali usipokusudia, futa.

Liyongo ni mshairi, basi mara moja kwa kila toleo aseme kwa shairi. Mara moja tu. Na hakikisha mizani na vina, kwa sababu Lamu kila baraza lina mtu mmoja anayehesabu kwa vidole.

Hatua ya 8: Kuchora

Chora kwenye A4, kitabu kitoke A5. Fotokopi ya kupunguza hadi asilimia 71 ndiyo inayotoka A4 kwenda A5. Kwa hiyo herufi za urefu wa milimita 4 zitakuwa chini kidogo ya 3. Usiandike ndogo kuliko hizo. Acha sentimita moja na nusu bila mchoro kila upande, mashine nyingi hukata kingo.

Anza na michoro midogo ya kurasa zote, kila ukurasa usizidi kiganja, uone kama macho yanapita vizuri toka fremu hadi fremu. Kisha penseli, kisha maneno, kisha wino. Maneno kabla ya wino, sio baada, la sivyo viputo vitafunika nyuso. Fremu nne hadi sita kwa ukurasa; ukurasa ambao Liyongo anapuliza panda upewe fremu moja tu. Vichochoro vyetu vina kivuli kingi, tumia nyeusi bila woga: ukuta mmoja mweusi wote, mwingine mweupe, na jua likipita kati.

Karatasi hapa hunywa unyevu wa bahari. Zifunge kwenye mfuko wa plastiki, ziwe bapa chini ya kitu kizito.

Hatua ya 9: Kupanga kurasa na kuchapa

Kurasa 16 za A5 ni karatasi nne za A4 zilizokunjwa na kupigwa stepla katikati. Kila upande wa karatasi hubeba kurasa mbili ambazo jumla yake ni 17. Karatasi ya kwanza: mbele 16 kushoto na 1 kulia, nyuma 2 na 15. Ya pili: 14 na 3, nyuma 4 na 13. Ya tatu: 12 na 5, nyuma 6 na 11. Ya nne: 10 na 7, nyuma 8 na 9. Tengeneza kwanza kitabu cha mfano kwa karatasi tupu, uandike namba kwa penseli, ukifungue. Ndiyo njia ya kuelewana na mwenye mashine bila kelele. Piga nakala moja, uisome mpaka mwisho, ndipo uagize nyingine.

Kama hutaki kuchapa, piga picha kurasa kwenye kivuli cheupe mchana, simu ikiwa sambamba na karatasi, au tumia programu ya kuskani, utume kwa WhatsApp ukurasa mmoja kila jioni.

Hatua ya 10: Haki na mauzo

Thor wa masimulizi ya kale ni wa kila mtu. Thor mwenye helmeti ya mabawa, Donald Blake na mavazi yake ni mali ya Marvel, usiyaguse hata kwa utani. Liyongo vilevile ni urithi wa wote, lakini kitabu kilichohaririwa na kufafanuliwa juzi kina mwenyewe: soma, jifunze, simulia kwa maneno yako. Kazi yako unaweza kuisajili kwenye Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Andika jina lako na mwaka kwenye ukurasa wa 2.

Kuuza, usianzie kwa watalii. Anza na shule na vinyozi, mahali watu wanapongoja. Siku za Maulidi na za Tamasha la Utamaduni mji hujaa, uwe na nakala mkononi wiki moja kabla. Bei iwe ya mtoto aliyepewa hela ya mabuyu. Wanaosoma watakuletea malalamiko: kofia imekaa vibaya, jahazi la aina hiyo halina tanga la namna hiyo, Saada mbona hasemi sana. Yaandike kwenye daftari kwa tarehe, yatie kwenye skripti ya toleo la pili kabla hujaanza michoro midogo.